Mapipa Matatu Kando ya Mfereji

Ijumaa, 1 Desemba

Leo nimenyoosha mkono darasani, na sasa sijui niuweke wapi uso wangu.

Mwalimu Khuê alisema kila shule ya wilaya imeambiwa ianzishe mradi wa kujitolea wa kutunza mazingira, na safari hii wanafunzi wenyewe ndio watakaochagua cha kufanya. "Nani ana wazo?" Feni ikawa inalia peke yake. Halafu nikaona mkono wangu uko juu. Nikasema chupa za dawa. Zile za kuulia wadudu na magugu, ambazo watu wakimaliza kupulizia mpunga huzitupa pale pale juu ya tuta, na mafuriko yakija yanazisomba hadi mferejini. Tunaoga maji yale. Tunaoshea mboga maji yale.

"Mwenyekiti wa Chupa!" Phát akapiga kelele kutoka dawati la nyuma. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye aliziba mdomo kwa kitabu. Basi, jina limenata.

Jioni nikamweleza Babu. Sikio lake la kulia limekufa, la kushoto husikia linachopenda.

"Chupa gani?"

"Za dawa, Babu. Zile unazotupa nyuma ya jiko."

"Mie sina chupa."

Tangu Baba na Mama waende Bình Dương kushona viatu kiwandani, nyumba hii haina mtu wa kuzungumza naye. Nimeona bora niandike. Maneno nayo huoza yakikaa sana ndani.

Jumapili, 3 Desemba

Tulikuwa kumi na mmoja! Mwalimu alituletea glavu na barakoa, tukachonga koleo za mwanzi, tukaingia mashambani. Maji ya mafuriko yameshuka, matope bado yananata, na chupa zilikuwa zimetapakaa kila mahali, nyekundu, buluu, nyeupe, nyingine zimezama mpaka shingoni. Tulijaza viroba hadi tukakosa viroba. Mwalimu akatupiga picha tukiwa tumeshika kitambaa chenye jina la shule. Phát alijipachika katikati ingawa kazi aliyofanya ni kuimba.

Mwenye mkono mwepesi kuliko wote alikuwa Thơm. Yuko darasani kwetu lakini ametuzidi umri, ana miaka kumi na minane, alirudia mwaka. Mama yake huzunguka na baiskeli akiokota na kununua chakavu, na kwa sababu hiyo wasichana wengine hukaa mbali naye kidogo, kama vile chakavu huambukiza. Mimi pia nilikuwa nakaa mbali. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

"Umejifunzia wapi kuokota hivyo?" nikamuuliza.

"Nimezaliwa nayo," akasema, akacheka. Ana mwanya.

Jumatano, 6 Desemba

Hakuna jipya. Babu amenunua mbegu.

Jumapili, 10 Desemba

Tumekuja sita. Wengine wana mafua, wana harusi, wana masomo ya ziada. Phát ana mpira.

Alhamisi, 14 Desemba

Mama amepiga simu akiwa kwenye foleni ya chakula kiwandani. Nyuma yake kulikuwa na kelele za vijiko na sahani.

"Mmekula?"

"Tumekula, Mama."

"Babu anakunywa dawa zake?"

"Anakunywa."

"Haya. Na wewe usikonde."

"Mtakuja Tết, tuanze mwaka mpya pamoja?"

"Tutaona, mwanangu. Zamu hazijapangwa." Halafu foleni ikasogea, simu ikakatika. Nilitaka kumwambia juu ya mradi. Nitamwambia siku nyingine.

Jumapili, 17 Desemba

Kuokota peke yake hakutoshi. Unaokota leo, wiki ijayo zimerudi, kwa sababu watu hawana pa kuziweka. Mwalimu Khuê ameomba pete za zege za kisima kwa mtu aliyehamia mjini, na leo tumezivingirisha hadi kando ya mfereji: pete ya kwanza karibu na daraja, ya pili katikati, ya tatu kule chini kwenye shamba la Babu. Tumezisimamisha, tumezisakafia chini kwa saruji, tumeweka mifuniko ya bati juu. Sasa ni mapipa. Thơm aliyaandika kwa rangi nyekundu: CHUPA ZA DAWA TIA HUMU. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Tulikuwa wanne. Vidole vyangu vimechubuka vyote.

Mashamba yote yameanza kumwagiwa mbegu. Ukisimama darajani unaona watu wadogo wadogo wanarusha mikono.

Jumapili, 24 Desemba

Mvua isiyo na msimu wake. Aliyekuja ni Thơm tu.

Tulijibanza chini ya turubai kwenye kibanda cha pampu ya maji, tukala viazi vitamu alivyochoma yeye. Nilidhani tutakaa kimya, maana mimi sina mazoea ya kuongea, kumbe yeye anaongea kama cherehani. Anaigiza watu. Aliigiza jinsi Mwalimu Khuê anavyovuka tuta akiwa na viatu vya mjini, nikacheka mpaka kiazi kikanipalia. Halafu akanieleza kuhusu baba yake, kwamba alikwenda Rạch Giá kufanya kazi kwenye meli za uvuvi na hakurudi.

"Alikufa?"

"Hakufa. Hakurudi tu."

Nikamwambia wangu wanarudi, ila siku ya tatu wanaondoka tena. Tukatazama mvua.

"Siku moja nije kwenu," nikasema.

"Kwetu kuna fujo, we. Bora hapa."

Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hii. Naogopa hata kuandika.

Jumatano, 27 Desemba

Thơm amehamia dawati langu.

Jumapili, 31 Desemba

Mchunga bata amefika na boti yake, amezungushia wavu sehemu ya mfereji chini kidogo ya pipa la pili. Anaitwa Mjomba Bảy. Analala humo humo botini, anapika humo humo, na atasubiri mpaka mpunga uvunwe ndipo awaachie bata wake wale punje zilizoanguka. Alituita tulipopita.

"Nyie ndio watoto wa mapipa?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mkiyaondoa hayo machupa mferejini, hawa bata wangu watawatagia wenyewe bila kuombwa." Akatupa mayai, tukayabeba kwenye kofia ya pama ya Thơm. Ana sauti kubwa, nadhani ni kwa sababu ya kuongea na bata siku nzima.

Jumatano, 10 Januari

Leo ni siku ya kuandika kwa herufi kubwa. Nimemwona Babu yangu anatembea juu ya tuta na ndoo iliyojaa chupa. Nilisimama nikamtazama kwa mbali. Akafungua mfuniko wa pipa la tatu, akazimimina, akapangusa mikono, akageuka akaniona.

"Nimezikuta tu," akasema. "Sijui za nani."

Na si yeye peke yake. Msimu huu wa kuua konokono na magugu watu wengi wanazileta. Wengine wakiniona wananiita, "Mwenyekiti!" lakini sasa hawacheki. Ofisi ya kata imeahidi gari la kuja kuzichukua baada ya Tết. Nilimwambia Thơm: tumeweza, we! Akasema, "Wewe ndiye uliyeweza." Akatazama pembeni.

Jumapili, 14 Januari

Jambo la ajabu. Jumatano pipa la pili lilikuwa limejaa hadi mfuniko haukai. Leo ni nusu.

"Labda zimejishindilia," Thơm akasema.

"Plastiki ngumu ile ijishindilie?"

"Au kata wamechukua kidogo."

"Gari si baada ya Tết?"

"Mimi nitajuaje, Lài? Mimi ni mkuu wa kata?"

Hajawahi kuniongelesha hivyo. Baadaye aliniomba radhi, akasema hajalala vizuri. Nimelichunguza pipa kama limepasuka. Halijapasuka.

Alhamisi, 18 Januari

Upepo wa kaskazini. Asubuhi mtu unatamani kubaki na blanketi. Mama amesema hawatakuja. Wamepangiwa zamu siku zote za sikukuu.

Jumatatu, 22 Januari

Bata wamekufa.

Nilikuwa naenda shule. Kwenye daraja watu walikuwa wamesimama na baiskeli zao, hakuna aliyekuwa anavuka. Chini, wavu wa Mjomba Bảy ulikuwa umejaa kitu cheupe na kahawia kinachopanda na kushuka na maji, nikadhani ni magugu maji. Walikuwa wamelala ubavu, shingo zimejikunja. Wengine walikuwa bado wazima lakini wanazunguka, wanazunguka mahali pamoja kama waliofungwa kwa uzi. Mjomba Bảy alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, anawabeba wale wazima wawili wawili na kuwatupa ukingoni. Alikuwa hapigi kelele. Mtu mwenye sauti kubwa vile, na leo unasikia maji tu.

Nilishuka nikamsaidia. Bata hai ni mwepesi, ana joto, unausikia moyo wake unavyokwenda mbio. Wengi walinifia mikononi.

Watu walianza kusema pale pale. Mama mmoja mwenye duka la mbolea alisema, "Sumu ilikuwa imetawanyika huku na huku miaka yote, hakuna bata aliyekufa. Leo wameirundika mahali pamoja, si inavuja?" Mwingine akasema, "Watoto wa shule wanacheza na vitu wasivyovijua." Wote wakanitazama. Mjomba Bảy naye akanitazama, ana bata mfu mkononi, akauliza polepole:

"Mwanangu, lile pipa mlilisakafia vizuri?"

"Tulilisakafia, Mjomba."

"Una hakika?"

Nilisema nina hakika. Nilipofika shule nilikuwa nimelowa na nanuka, na sikuwa tena na hakika ya kitu chochote. Dawati langu lilikuwa tupu upande wa Thơm.

Jumanne, 23 Januari

Mwalimu Khuê na mimi tulilikagua pipa la pili. Tulizitoa chupa zilizobaki, tukamwaga maji ndani, tukasubiri. Hayakuvuja hata tone. Lakini Mwalimu alikuwa amechoka usoni. Akasema wilaya wamempigia simu, kwamba huenda ni bora mradi "upumzike" mpaka baada ya Tết. "Lài, wewe umefanya kazi nzuri. Hakuna anayekulaumu."

Wanalaumu. Babu alirudi mapema kutoka kwenye kibanda cha kahawa na hakusema kwa nini. Phát alinipita kwenye ngazi, akafungua mdomo, akaufunga.

Thơm hajaja shule. Wenzake wa zamani wa dawati hawajui.

Alhamisi, 25 Januari

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuangalia mapipa. La kwanza, lile la karibu na daraja, ambalo Jumapili lilikuwa limejaa, lilikuwa tupu kabisa. Nikasema sasa huyu ni mtu. Nikafikiri nimtafute Thơm tushauriane, na kwa kuwa siku zote hizi haonekani shuleni, nikaamua niende kwao, hata kama hajanikaribisha. Kwao ni juu ya mfereji, kwenye kona, kule maji yanakotokea kuja kwetu.

Niliona kwanza viroba. Halafu kamba, na juu ya kamba na chini yake, juu ya majani, juu ya paa la banda la kuku, chupa. Nyekundu, buluu, nyeupe. Zimepinduliwa midomo chini, zinakauka kwa jua. Kwenye ngazi za kuteremkia majini alikuwa amechuchumaa Mama Thơm, anazichovya chupa moja baada ya nyingine, anazisukasuka, anayamwaga maji yale, anachovya tena. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko na ngozi inabanduka. Thơm alikuwa nyuma yake amefungua mdomo wa kiroba.

Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Kiroba kikamtoka.

"Karibu, mwanangu," Mama Thơm akasema, hajajua bado. "Wewe ndiye Lài? Thơm anakutaja kila siku. Kaa, kuna uji."

Nikasema, "Shangazi, hizo chupa."

"Ndiyo. Mnunuzi anazikataa zikiwa zinanuka, lazima zioshwe." Akajifuta paji la uso kwa mkono wa nguo. "Zamani zilikuwa zinanichukua siku nzima kuziokota huko matopeni, na mgongo huu. Halafu mwaka huu nikaona mapipa. Nikasema jamani, Mbingu imenikumbuka. Nikamwambia Thơm, hao wenzako wana roho nzuri."

Alidhani tumemwekea yeye.

"Bata wa Mjomba Bảy wamekufa," nikasema.

Alitazama maji. Alitazama chupa iliyokuwa mkononi. Nilimwona anavyoelewa, polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Halafu akasema haraka haraka, "Si mimi. Mfereji ni mrefu. Watu wote wanapulizia dawa." Akainuka, akaingia ndani.

Thơm akanishika mkono, akanivuta hadi njiani.

"Usiseme."

"Thơm, wewe ulijua?"

"Habari ya kuchukua nilijua. Ya bata sikujua. Nilipojua ndipo nikashindwa kuja shule. Unadhani ningekaa vipi karibu na wewe?"

"Ulijiunga kwa sababu ya chupa?"

"Mwanzoni, ndiyo," akasema. "Baadaye, siyo."

Nilimwambia mama yake aache kuosha. Akasema ataacha. Nilimwambia tuende pamoja kwa Mjomba Bảy, sisi watatu, tumweleze. Akanitazama kama nimemtukana.

"Wewe kila mwezi kuna watu wanakutumia hela. Sisi nani anatutumia? Wakimkataza chakavu tutakula nini, mabango yenu?"

Nilirudi kwa njia ya mashambani ili nisikutane na mtu. Mpunga umefika magotini, kijani hadi unaumiza macho.

Ijumaa, 26 Januari

Sijasema.

Jumamosi, 27 Januari

Sijasema. Babu ameniambia nimsaidie kuchuma majani ya mti wa mai, ule wa maua ya manjano, ili uchanue Tết ikifika. Tulichuma mchana wote, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Jumapili, 28 Januari

Nimesema.

Nilipita kwa Mjomba Bảy kumpelekea ndizi alizotoa Babu. Nikamkuta anakunja wavu. Bata waliopona amewafungia kwenye matenga, wanapiga kelele.

"Unahama, Mjomba?"

"Nahama. Lile pipa lenu silitaki hata kulinusa, usichukie mwanangu. Naenda juu yake, kule kwenye kona. Pana kivuli na maji yake ni safi, hayajapita popote."

Kule kwenye kona. Chini ya ngazi za kwa kina Thơm.

"Mjomba, usiende huko."

"Kwa nini?"

"Maji ya huko si mazuri."

"Maji hutoka juu kuja chini. Hata bata anajua." Alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya boti. Tenga la kwanza lilikuwa limeshapakiwa, bata wametoa vichwa kwenye matundu, wananitazama kwa lile jicho lao la pembeni.

Nilijiambia labda ameacha. Thơm alisema ataacha. Labda ameacha kweli. Lakini nilipokuwa nakuja nilipita kwenye pipa la tatu, la kwetu. Jana lilikuwa limejaa, leo ni tupu.

"Si pipa," nikasema. "Ni chupa zinazooshwa."

"Zinaoshwa na nani?"

Nikataja jina.

Aliketi kwenye ubavu wa boti. Halafu akasema, "Yule wa baiskeli? Nilimpa mayai juzi, mwanamke yule. Alinishukuru kwa mikono miwili." Akafunga tena kamba. Nikamwomba asimwambie mtu. Akatikisa kichwa.

"Nusu ya bata ni wa kaka yangu. Ataniuliza wameuawa na nini. Nimwambie nini, mwanangu? Nimwambie upepo?"

Alhamisi, 1 Februari

Watu wa kata walikwenda kwa kina Thơm leo, na nusu ya kijiji ikawafuata. Nami nilikwenda, kwa sababu kubaki nyumbani kungekuwa kujificha. Walibeba viroba vyote, wakamwandikisha Mama Thơm karatasi. Yeye alisimama mlangoni, mikono ameificha nyuma. Hakuna aliyemtukana. Kwa kweli ingekuwa afadhali wangemtukana. Mama wa duka la mbolea, aliyenisema mimi darajani, alikuwa anatazama na kunong'ona, na sikumsikia akisema kwamba alikosea juu ya pipa.

Kiroba kimoja kilipasuka. Aliyetoka mbele ya watu akaokota chupa zilizomwagika, bila glavu, bila utani, alikuwa Phát. Sikutegemea.

Thơm alikuja hadi niliposimama.

"Ungeniambia kabla."

"Nilikwambia Alhamisi."

"Uliniambia Mama aache. Hukuniambia utasema."

Ni kweli. Nilitaka kumweleza habari ya boti na kona na matenga, lakini kila sentensi niliyoianza ndani ya kichwa ilikuwa inaanza na "mimi." Akaenda zake.

Jumapili, 4 Februari

Mlango wa kina Thơm una kufuli. Jirani anasema wamepanda basi la alfajiri, mama na binti, kwenda Bình Dương. Kamba ya kuanikia bado ipo.

Jumatano, 7 Februari

Nimefagia uwanja. Nimeosha vyombo vya madhabahu ya mababu.

Ijumaa, 9 Februari

Mkesha wa Tết. Mti wa mai umechanua, Babu anauzunguka kama ni yeye aliyechanua. Tulipika nyama ya nguruwe na mayai, tukawaandalia marehemu kwanza, tukawaalika wote kwa majina. Babu aliita kwa sauti kubwa, baba yake, mama yake, Bibi. Meza ilijaa bakuli za watu wasioonekana, halafu bakuli mbili zetu. Baba na Mama walipiga simu ya video, picha ikaganda Mama akiwa amefungua mdomo. Tuliiacha hivyo hivyo mezani mpaka betri ikaisha.

Jumatatu, 19 Februari

Shule imefunguliwa. Madawati matatu matupu darasani kwetu, wote wameingia viwandani. Hakuna aliyeshangaa.

Mwalimu Khuê amenunua makufuli matatu. Gari la kata limekuja kweli, limebeba kila kitu. Mifuniko sasa ina tundu la kutumbukizia tu, na funguo ninakaa nazo mimi.

Jumapili, 25 Februari

Phát alikuja. Alifanya kazi vizuri, akaniuliza, "Unamkumbuka Thơm?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Usijiumize sana. Ungenyamaza, Mjomba Bảy angehamia pale kwenye kona, bata wakaisha wote." Ninajua. Tatizo ni kwamba kujua hakunisaidii.

Jumapili, 3 Machi

Phát hakuja. Mpira.

Ijumaa, 8 Machi

Shule yetu imepewa cheti na wilaya, nafasi ya pili. Niliitwa mbele ya mstari wote, wakapiga makofi. Mkuu wa shule alisema, "Huu ni mfano wa vijana kushirikiana." Nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye jukwaa, nikawa natafuta kwa macho kama kuna mwingine anapanda.

Jumatano, 13 Machi

Mashine za kuvuna zimeingia. Vumbi la makapi hadi kwenye wali. Mpunga wa Babu umezaa vizuri.

Mjomba Bảy yumo mashambani na bata waliobaki, kundi dogo, wanakimbia kwenye mabua kama maji yaliyomwagika. Nilimwamkia. Akaitika vizuri, akaniuliza hali ya Babu. Zamani alikuwa ananiita nije nichukue mayai. Simlaumu. Nadhani akiniona anaona siku ile, kama mimi ninavyoiona nikimwona yeye.

Jumamosi, 16 Machi

Mama alipiga simu mchana huu. Nilikuwa nimeketi na Babu mkekani tunakula, jua la uwanjani linachoma, mpunga umeanikwa mpaka mlangoni. Zile kelele za vijiko na sahani. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo siku nyingi.

"Lài, kuna msichana wa huko kwetu ameletwa kwenye mstari wetu wa kushona. Si watu wa kata yetu wote huishia hapa hapa? Mnene kidogo, ana mwanya. Anasema anakujua."

Nikasema namjua.

"Anachekesha huyo! Ameigiza msimamizi wetu juzi, tumecheka hadi tukaonywa. Sasa kila mchana tunakaa naye, mimi, yeye na mama yake. Ananitolea miiba ya samaki, yaani utadhani nimemzaa mimi. Yuko hapa, ngoja nimpe simu."

Nikasikia simu inahama mkono. Kelele za vijiko zikawa karibu, halafu zikawa mbali. Kuna mtu alikuwa anapumua. Nikasema, "Thơm." Nilisema tena. Halafu Mama akarudi.

"Anatikisa kichwa, ana haya. Lakini nilimuuliza kuhusu wewe, maana nilikuwa na wasiwasi, nakufikiria uko na mzee tu hapo nyumbani. Amenitoa hofu. Anasema kwenye huo mradi wenu mko wengi, hata pa kukaa hapapatikani, na kwamba watu wanakupenda."

Babu alikuwa ananitazama, kijiko hewani.

"Ni kweli?" Mama akauliza.

"Kweli, Mama," nikasema. "Tuko wengi."

"Haya, mwanangu. Nimefurahi. Kengele hiyo, nakwenda."

Niliweka simu chini. Babu akasogeza sikio lake la kushoto.

"Anasemaje?"

"Anasema amepata mtu wa kula naye mchana."

"Afadhali," Babu akasema, akaniongezea samaki.